Mizinga ya Rufiji iko wapi?

Wako watu huko Ulaya na Marekani ambao starehe yao ni kukusanya bunduki za upepo za zamani, zile za kupigwa pampu kwa mkono kama tairi la baiskeli. Mjuzi akiishika moja hutazama mhuri wa kiwanda, namba na upana wa tundu la mtutu, akakutajia ilikotoka. Ujuzi huo unatuhusu hata sisi, ingawa silaha zetu hazitundikiki ukutani.

Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar. Kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, upande ambao leo ni Wilaya ya Kibiti. Waingereza waliifuata, na Julai 11, 1915, baada ya kupigwa vibaya, nahodha wake Max Looff aliamuru ilipuliwe.

Meli ilikufa, mizinga haikufa. Yote 10 iliopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam na kufungwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mtutu mmoja una urefu wa mita 4.2 na uzito unaozidi tani moja. Nani aliikokota? Waafrika, kwa kamba, kwenye tope na mchanga. Jina la nahodha tunalo. La mshika kamba hatunalo.

Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus. Basi ukifika Fort Jesus, Mombasa, utakuta mizinga ya mahasimu hao wawili, na kwa macho ni rahisi kuichanganya. Chukua rula upime mdomo: wa Mjerumani ni milimita 105, wa Mwingereza ni inchi 4, yaani kama milimita 102. Tofauti ni milimita tatu tu! Mzinga mwingine wa Königsberg uko Pretoria, kwenye Union Buildings.

Na Rufiji kwenyewe? Mabaki ya meli yalikatwa yakawa vyuma chakavu, mengine yakamezwa na tope. Watalii wanapigia picha mizinga hiyo Mombasa na Pretoria. Kijana wa Salale, ambaye pengine babu wa babu yake alishika kamba ile, akitaka kuugusa huo wa Mombasa itambidi kwanza avuke mpaka pale Horohoro.