Safari Ndefu, Sehemu ya 3: Kapteni Aliyerefusha Mikono ya Makoti

Mama zangu, tuendelee tulipoishia. Meseji ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: "Nesi, nasafiri na mtoto kutoka Dar kwenda Makete, joto huku, baridi kule, nijiandaeje?" Nitajibu, msijali. Ila leo nataka kwanza tumtazame mtu aliyewahi kulibeba swali hilohilo kwa watu zaidi ya 110, ndani ya merikebu ya mbao, kwa miaka mitatu mfululizo. Huyo ni Kapteni James Cook wa Uingereza, safari yake ya pili.

Alitoka Plymouth tarehe 13 Julai 1772 na merikebu mbili, Resolution yake mwenyewe na Adventure ya Kapteni Tobias Furneaux. Kazi aliyopewa ni kutafuta bara kubwa lililodhaniwa liko kusini kabisa mwa dunia. Sasa angalia njia yenyewe: unavuka joto la ikweta, unafika Rasi ya Tumaini Jema, unashuka kwenye barafu, unapanda Nyuzilandi, unakwenda Tahiti kwenye minazi na jua kama letu, halafu unarudi tena kwenye barafu. Mwili haupati hata muda wa kuzoea.

Na kabla yake, safari kama hizo zilikuwa makaburi. Mwingereza mwenzake, George Anson, aliondoka mwaka 1740 na watu wapatao 1,900 kuzunguka dunia. Waliokufa walipita 1,300. Hawakuuawa na maadui, wala hawakuzama wote. Wengi wao walikufa kwa kiseyeye. Kwenye diploma ugonjwa huu tulifundishwa kwa mistari michache tu, lakini ukisoma walivyouelezea mabaharia, unaogopa: fizi zinavimba mpaka zinafunika meno, damu inatoka, meno yanalegea, miguu inavimba na kupata madoa, kidonda kilichopona miaka iliyopita kinafunguka upya.

Huku kwetu pwani ugonjwa huo ulipita pia. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498 akiwa na wagonjwa, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa mingi. Wagonjwa wakapona. Wenyewe wakaandika kwamba hewa ya Mombasa ni nzuri! Jamani, hewa? Tunda lilikuwa mkononi, sifa ikaenda kwa upepo.

Kurudi ndiyo ilikuwa balaa. Kwenda India kutoka Malindi walitumia siku 20 na kitu, wakiwa na rubani anayeijua bahari hii na pepo zake. Wakati wa kurudi waliondoka upande wa India mapema Oktoba, kaskazi bado haijaanza kuvuma. Mzee yeyote wa majahazi angewaambia, subirini. Walikaa baharini karibu miezi mitatu, watu wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 wakaomba machungwa haraka, wakaletewa, lakini kwa baadhi yao ilikuwa too late, wakafia palepale. Mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu, ikabidi moja waichome moto pwani ya upande wa Tanga. Kwa hiyo maandalizi ni pamoja na kujua msimu. Hili tutalirudia tukifika kwenye mvua za masika na barabara.

Turudi kwa Cook. Alibeba nini? Tani kadhaa za kabichi iliyochachushwa kwa chumvi. Kimea, hiki hiki cha togwa, cha kutengenezea kinywaji cha wagonjwa. Supu iliyochemshwa mpaka ikaganda kama vipande vya gundi, unavunja kipande unakoroga na maji moto. Na nguo: kila baharia alitengewa koti na suruali ya sufu nzito.

Hapa ndipo ninapompendea. Alipotoka Rasi mwishoni mwa Novemba 1772, baridi iliingia ghafla, na kondoo na nguruwe waliopakiwa pale walianza kufa. Nguo zikagawiwa. Kumbe makoti yana mikono mifupi, baharia akinyoosha mkono kuvuta kamba, mkono wote uko nje kwenye theluji! Cook hakusema "vumilieni, ndivyo tulivyopewa." Aliagiza mikono irefushwe kwa kitambaa kizito, na kila mtu ashonewe kofia ya kitambaa hichohicho pamoja na turubai. Mama unayemvalisha mtoto sweta la mwaka jana, mikono imeishia kwenye kiwiko, nadhani umenielewa.

Halafu kulikuwa na unyevu. Baridi ni tatizo moja, baridi na nguo mbichi ni tatizo lingine kabisa. Aliwasha moto kwenye vyungu vya chuma na kuushusha chini kwenye vyumba vya kulala ili vikauke. Matandiko yalianikwa kila jua lilipotoka. Na zamu, badala ya kuwagawa mabaharia makundi mawili ilivyokuwa kawaida, aliwagawa matatu, ili mtu alale vya kutosha na nguo iliyolowa ipate muda wa kukauka. Maji ya kunywa yalipopungua walivua vipande vya barafu baharini wakaviyeyusha, maana barafu ile haina chumvi.

Tarehe 17 Januari 1773 walivuka mstari wa duara la Antaktika, watu wa kwanza wanaojulikana kufanya hivyo. Walipoiona nchi kavu tena Nyuzilandi, mwishoni mwa Machi, zilikuwa zimepita siku 117 bila kuona ardhi. Na hapo hakutulia kupumzika tu, alituma watu wachume majani ya porini, yanapikwa na supu ile kwa kifungua kinywa.

Sasa sikilizeni habari ya Adventure. Merikebu ile ilibeba maandalizi yaleyale. Lakini Julai 1773 mpishi wake alikufa, na watu wapatao 20 walikuwa wameumwa kiseyeye, wakati kule Resolution hali ilikuwa shwari. Tofauti ilikuwa usimamizi. Chakula kuwepo stoo ni kitu kimoja, kuliwa ni kitu kingine. Kila mama mwenye mtoto anayetema mchicha anaijua vita hii.

Cook aliijua tangu safari ya kwanza, 1768 hadi 1771. Mwanzoni alitumia ukali, akawachapa mabaharia wawili viboko 12 kila mmoja kwa kukataa nyama mbichi waliyogawiwa. Baadaye akapata akili. Kabichi ile chachu hawakuitaka kabisa, basi akaamuru iwekwe kila siku kwenye meza ya maofisa, na mabaharia wakaambiwa atakaye ale, asiyetaka aache. Haikupita wiki ikabidi kabichi igawiwe kwa kipimo! Mtoto hali anachoamriwa, anakula anachokiona kwenye sahani ya baba.

Lakini safari hiyohiyo ya kwanza ina upande wa kuumiza. Hakupoteza mtu kwa kiseyeye mpaka alipofika Batavia, Jakarta ya leo, Oktoba 1770, akitengeneza merikebu. Mji wa mbu na mifereji michafu. Homa na kuhara damu vikaanza hapo na kuendelea baharini, na watu zaidi ya 30 wakafa. Alikuwa amejiandaa kwa adui mmoja, akaja mwingine. Ndiyo maana mkiniambia mmebeba masweta, nauliza na chandarua je? Maji ya njiani mtayatoa wapi?

Resolution ilirudi nyumbani tarehe 30 Julai 1775. Waliokufa ni wanne, watatu kwa ajali, mmoja tu kwa ugonjwa.

Hata hivyo Cook alikosea kitu kikubwa, nami sitamficha. Alikisifu sana kile kinywaji cha kimea. Kimea hakina vitamini C ya maana. Maji ya machungwa na malimau aliyobeba aliona hayana faida kwa bei yake, na kweli hayakuwa na faida, kwa sababu yalichemshwa mpaka yakawa mazito kama asali, na moto unaiua vitamini C. Wakati huo daktari James Lind alishawapima wagonjwa 12 mwaka 1747, wawili wawili, kila jozi na tiba yake, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Jeshi la maji la Uingereza lilianza kugawa maji ya limau rasmi mwaka 1795, karibu miaka 50 baadaye.

Na ugonjwa haukuishia baharini. Mwaka 1883 daktari Thomas Barlow wa London alieleza watoto wachanga wenye kiseyeye, wakilia wakiguswa miguu. Wengi walikuwa wa familia zenye uwezo, wakilishwa maziwa ya kopo na vyakula vya viwandani badala ya ziwa la mama. Maziwa ya mama yana vitamini C, ya ng'ombe yaliyochemshwa ina kidogo mno.

Kwa hiyo kwa wenye watoto chini ya miezi sita: safarini ni ziwa lako tu, usimpe juisi ya chungwa kwa sababu umesoma hapa, hata maji hahitaji. Zaidi ya miezi sita, mpe tunda laini lililomenywa palepale, papai au chungwa, na ziwa liendelee. Fizi zinazotoka damu au mtoto asiyetaka kuguswa miguu, nenda kituo cha afya, usisubiri mfike.

Kesho orodha ya begi, kuanzia soksi. Wa Makete na Njombe mtangulie kuniandikia umri wa watoto.