Mlinganyo tofautishi wa kawaida

Mlinganyo tofautishi wa kawaida ni mlinganyo wa hisabati unaohusianisha kiasi fulani na kasi ya kubadilika kwake. Katika aljebra jibu huwa namba. Hapa jibu ni kanuni nzima inayoonyesha kiasi hicho kilivyo kila wakati. Huitwa "wa kawaida" kwa sababu kiasi hutegemea kigeu kimoja tu, mara nyingi muda. Wanafunzi wa hisabati, fizikia na uhandisi huisoma milinganyo hii chuo kikuu, baada ya kalkulasi.

== Mfano wa kupoa ==
Kanuni ya kupoa hutokana na kazi ya Isaac Newton ya mwaka 1701. Ikiwa *y* ni tofauti ya halijoto kati ya kitu na mazingira yake, basi:

dy/dt = −ky

Hapa *k* ni namba chanya isiyobadilika. Tuseme chai ya 85 °C imewekwa katika chumba chenye 25 °C, na baada ya dakika 10 imefika 55 °C. Tofauti imeshuka kutoka 60 hadi 30, yaani nusu. Dakika 10 zinazofuata hupungua nusu tena, na chai hufika 40 °C, wala si 25 °C kama anavyodhani mtu anayetoa nyuzi 30 kila mara. Suluhisho ni y = 60e^(−kt), ambapo *k* ni karibu 0.0693 kwa dakika. Ile 60 ni *sharti la mwanzo*. Bila hilo masuluhisho hayana idadi.

== Upekee wa suluhisho ==
Nadharia yenye majina ya Émile Picard na Ernst Lindelöf huonyesha kwamba, mlinganyo ukitimiza masharti fulani, kila sharti la mwanzo lina suluhisho moja tu. Kwa hiyo grafu za masuluhisho mawili hazikatani. Vikombe viwili vyenye *k* ileile vikipoa pamoja, chenye moto zaidi hakiwezi kukipita kingine.

Ndiyo maana swali la Erasto Mpemba liliwashangaza wengi. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopozwa. Baadaye, huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena somo lilipofika kwenye kanuni ya Newton. Mwaka 1969 alichapisha makala pamoja na mwanafizikia Denis Osborne wa Dar es Salaam.

Swali hilo halivunji nadharia, kwani nadharia inahusu mlinganyo, si jokofu. Mlinganyo huchukulia kwamba chombo kizima kina halijoto moja na kwamba *k* haibadiliki; maziwa halisi hutoa mvuke na huzunguka ndani ya chombo. Wataalamu bado wanabishana: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima maji yakipoa, wasipate ushahidi wa kutosha wa jambo hilo.

== Njia za kutatua ==
Milinganyo mingi haina jibu la fomula. Leonhard Euler alieleza mwaka 1768 njia ya kusogea hatua ndogondogo kwa kufuata kasi ya kila hatua. Kompyuta hutumia njia za aina hiyo zilizoboreshwa.