Bia Nyeupe ya Hoegaarden

Hoegaarden ni kijiji cha Ubelgiji, kilomita arobaini na kitu mashariki ya Brussels, jirani na mji wa Tienen. Ardhi yake ni nzito na yenye rutuba, na ngano hustawi huko vizuri. Ngano hiyo ndiyo asili ya bia nyeupe, bia yenye ukungu, rangi ya majani makavu, harufu ya giligilani na ganda la chungwa. Leo bia ya namna hiyo hupikwa na watu wa kawaida jikoni kwao huko Marekani na Ulaya, kwa seti inayonunuliwa dukani ikiwa na kimea, hamira na viungo ndani ya boksi moja. Boksi hilo lisingekuwapo kama mtu mmoja wa Hoegaarden hangekumbuka alichokiona utotoni katika kiwanda cha jirani.

Hoegaarden inahesabu historia yake ya upishi wa bia tangu 1445, mwaka unaoonekana hadi leo kwenye nembo ya bia yake. Kilichokikuza kijiji zaidi ya ngano ni mipaka ya kisiasa. Ingawa kilizungukwa na ardhi ya milki ya Brabant, Hoegaarden kilikuwa mali ya askofu mtawala wa Liège, na hivyo ushuru mwingi wa Brabant haukukifikia. Wapishi wa pale waliuza bia kwa bei ambayo majirani zao waliokamuliwa kodi hawakuiweza. Kufikia karne ya 18 kijiji hicho kidogo kilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya thelathini. Nafuu hiyo ilikoma Wafaransa walipoiteka nchi miaka ya 1790 na kuifuta milki ya askofu pamoja na mipaka yake.

Bia yenyewe ilikuwa na tabia moja iliyoitenga na bia nyingine nyingi za Ulaya: karibu nusu ya nafaka yake ilikuwa ngano mbichi, yaani ngano ambayo haikuoteshwa kuwa kimea. Kazi ya kuotesha nafaka ni kuzalisha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira huishi kwa sukari hiyo. Ngano mbichi haina vimeng'enya vya kutosha, hivyo hutegemea kimea cha shayiri kilichochanganywa nayo. Vikilowekwa pamoja kwenye maji ya moto wa nyuzi sitini na kitu kwa saa moja au zaidi, shayiri huifanyia ngano kazi ambayo ngano haiwezi kujifanyia. Hata hivyo protini ya ngano na chembe za wanga hubaki zikielea. Ndizo zinazoleta ukungu mweupe ulioipa bia jina lake, na povu zito linalokaa juu ya glasi bila kuvunjika haraka.

Sheria nayo ilichangia. Mwaka 1822, Ubelgiji ikiwa bado sehemu ya Ufalme wa Uholanzi, kodi ya bia ilianza kutozwa kwa ukubwa wa pipa la kulowekea nafaka. Mpishi alilipa kiasi kilekile, pipa liwe limejaa au nusu tupu. Wapishi wakashindilia nafaka hadi pipa likawa kama sufuria ya ugali, na maji yaliyochujwa humo yakatoka mazito na machafu, yakihitaji kuchemshwa upya na kurudishwa mara kadhaa. Georges Lacambre, mhandisi aliyechapisha kitabu kikubwa cha upishi wa bia mwaka 1851, alieleza kwa kina jinsi bia nyeupe ya mji wa Leuven, ndugu wa karibu wa ile ya Hoegaarden, ilivyopikwa kwa njia hizo ndefu. Anayesoma maelezo yake anaelewa kwa nini kazi hiyo ilirithishwa kwa kutazama na kushika. Haikuwa rahisi kuiandika ikaeleweka.

Viungo vina historia yake. Kabla hopsi, maua machungu yanayotiwa kwenye bia, hazijaenea, bia za maeneo hayo zilitiwa mchanganyiko wa majani na mbegu zenye harufu, na desturi hiyo haikufa kabisa hopsi zilipoingia. Giligilani zilipatikana Ulaya tangu zamani. Maganda ya danzi yalikuja na biashara ya Waholanzi, walioiteka Curaçao mwaka 1634. Katika kisiwa hicho cha Karibiani, michungwa iliyopandwa na Wahispania ilikuwa imegeuka kwa sababu ya ukame na udongo mbaya. Matunda yake yalikuwa machungu yasiyolika, lakini ganda likikaushwa lilitoa harufu kali na nzuri. Pamoja na viungo hivyo bia ya zamani ilikuwa na ukali wa uchachu, kwa sababu bakteria wa asidi ya laktiki walifanya kazi bega kwa bega na hamira. Ilinywewa changa na haikuvumilia safari ndefu.

Udhaifu huo wa kutosafiri ndio ulioiua. Mwaka 1842 mji wa Plzeň ulitoa bia angavu ya dhahabu iliyochachushwa kwenye baridi, na mashine za barafu na reli zikaisambaza bia ya aina hiyo kote Ulaya. Ilikaa muda mrefu bila kuharibika na ilionekana safi kwenye glasi, wakati bia nyeupe ilionekana kama kitu kilichoachwa bila kuchujwa. Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza pigo: Wajerumani walioikalia Ubelgiji walichukua masufuria ya shaba ya viwanda vingi vya bia ili kuyeyusha shaba yake, na wapishi wengi wadogo hawakuinuka tena. Baada ya Vita ya Pili, soda ziliteka wanywaji waliokuwa wakitafuta kitu chepesi cha kukata kiu. Huko Leuven, mji uliojulikana kwa bia zake nyeupe, bia iliyotamba sasa ilikuwa Stella Artois, bia ya dhahabu ya mtindo wa Plzeň iliyotoka mara ya kwanza 1926. Katikati ya miaka ya 1950 kiwanda cha Tomsin, cha mwisho Hoegaarden, kilifunga milango.

Pierre Celis alizaliwa 1925 na kukulia karibu na kiwanda hicho. Kijana wa familia ya wafugaji, alikwenda kusaidia kazi kwa jirani na kujionea hatua zote, kuanzia kulowekwa kwa nafaka hadi pipa kujazwa. Baadaye akawa muuza maziwa, na huenda angebaki hivyo maisha yake yote. Lakini wazee wa kijiji waliendelea kuililia bia yao, na Celis akagundua kwamba yeye ni miongoni mwa wachache waliokuwa bado wanakumbuka ilivyopikwa. Mwaka 1966 akauza bia yake ya kwanza, aliyoipika kwa vyombo vya mkono wa pili. Hakuwa na shahada ya upishi wa bia. Alikuwa na kumbukumbu ya mikono, na ikatosha. Miaka ya 1970 vijana na wanafunzi wa Ubelgiji waliichangamkia bia yenye ukungu kwa sababu ileile iliyowafanya wazazi wao waikimbie: haikufanana na bia za viwanda vikubwa. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson, ambaye kitabu chake cha bia za dunia kilitoka 1977, alisaidia kulifikisha jina la Hoegaarden nje ya mipaka.

Kiwanda cha Celis, kilichoitwa De Kluis, kiliungua mwaka 1985, na bima haikutosha kukijenga upya. Kampuni ya Artois ya Leuven ikaingiza fedha, na baada ya Artois kuungana na Piedboeuf mwaka 1987 kuwa Interbrew, umiliki wote ukaishia kwao. Celis, akiwa na umri ambao wengi hustaafu, akavuka bahari na kuanza upya Austin, Texas, ambako maji yapitayo kwenye mawe ya chokaa yalifanana na ya kwao. Kiwanda chake kilianza kuuza bia 1992. Mwaka 1995 kampuni ya Miller ilinunua sehemu yake kubwa, na miaka michache baadaye ikakifunga. Celis alifariki Aprili 2011.

Huko Hoegaarden, kampuni mrithi wa Interbrew ilitangaza mwaka 2005 kuhamishia upishi Jupille, karibu na Liège. Wanakijiji waliandamana, na mwaka 2007 uamuzi huo ukabatilishwa. Bia hiyo bado inapikwa kijijini, na kijiji kilistahili kushinda.

Kufika kwa Celis Marekani kuliikuta nchi iliyokuwa tayari. Kupika bia nyumbani kulikuwa kumeharamishwa huko tangu enzi ya marufuku ya pombe iliyoanza 1920, ingawa kimea kizito cha kopo kiliuzwa waziwazi kama kitu cha kuokea mikate. Marufuku ilipoondolewa 1933, divai ya nyumbani iliruhusiwa lakini bia ikasahauliwa. Ni Oktoba 1978 ndipo Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, sawa na lita 378 hivi. Maduka ya vifaa yakazuka, na maabara kama Wyeast ya Oregon, iliyoanza 1986, zikaanza kuuza hamira hai za bia za Ubelgiji. Mwaka 1995 Allagash ya Portland, Maine, na Blue Moon ya Denver zote zilitoa bia nyeupe zao, na wateja waliozionja baa wakataka kuzipika wenyewe.

Seti ya kawaida hutoa lita 19. Ndani yake mna kimea cha ngano na shayiri kilichokwisha kukamuliwa na kukaushwa au kufanywa sharubati, hopsi kidogo, hamira, mbegu za giligilani na maganda ya danzi. Kimea huyeyushwa na kuchemshwa kwa saa moja. Giligilani hupondwa mpaka kila mbegu ipasuke vipande viwili au vitatu bila kuwa unga, kwa maana unga huacha ladha chungu, kisha hutumbukizwa pamoja na maganda dakika tano au kumi kabla ya kuepua. Zikichemka zaidi ya hapo, harufu yote hutoka na mvuke. Sufuria hupozwa haraka hadi chini ya nyuzi 22, hamira hutiwa, na wiki mbili baadaye bia hujazwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo ili ichachuke tena humo na kupata gesi.

Ngano mbichi haimo katika seti nyingi, kwa kuwa inahitaji kulowekwa pamoja na kimea, kazi ambayo seti imebuniwa kumwepusha mpishi. Wengi hufidia kwa kutia kijiko cha unga wa ngano dakika za mwisho ili kupata ukungu. Uchachu wa zamani nao haumo, isipokuwa mpishi aongeze matone ya asidi ya laktiki. Seti bora zaidi ni zile zinazoweka ndani ngano iliyobanwa kuwa bapa na kimea cha kulowekea katika mfuko wa kitambaa, na mpishi anayetaka ladha ya Hoegaarden azitafute hizo. Bia ikishapata gesi, wiki mbili baada ya kujazwa, inywewe ndani ya miezi mitatu. Haiboreki kwa kuwekwa, na harufu ya giligilani ndiyo inayotangulia kupotea.