Nibu Laini, Bei Ngumu

Februari 12, 2024 ilitimia miaka 140 tangu Lewis Edson Waterman wa New York apewe hataza namba 293,545 ya Marekani kwa kalamu yake ya wino. Kila siku hiyo inapokaribia, wapenzi wa kalamu kongwe huanza tena ugomvi wao wa siku zote: je, ule mkataba wa bima ulimwagikiwa wino kweli, au watu wamelishwa uongo miaka yote hii?

Kisa kinasimuliwa hivi. Waterman, wakala wa bima, amempata mteja mnono. Mkataba uko mezani, kalamu mpya imetolewa mfukoni kwa mbwembwe. Mteja anaishika, anajaribu kutia saini, kalamu inagoma. Anajaribu tena, kalamu inatapika wino wote juu ya karatasi. Waterman anatoka mbio kutafuta fomu nyingine, na anaporudi anakuta wakala mwingine ameshamnyakua mteja. Kwa hasira anaapa kutengeneza kalamu isiyovuja, na ulimwengu unapata kalamu ya kisasa.

Hadithi tamu, na kwa miaka mingi vitabu na makala za wakusanyaji viliinakili bila kuuliza swali. Kisha wakatokea wakusanyaji wabishi, watu wa kupekua magazeti makuukuu na kumbukumbu za biashara, wakaitafuta katika miaka ya 1880 wasiione. Walipoifuata hadi kwenye chimbuko lake, njia iliwapeleka kwenye idara ya matangazo ya kampuni yenyewe, mwanzoni mwa karne ya 20. Walichokuta badala yake ni jina lililokuwa limesahauliwa kabisa, Frank Holland. Huyo ndiye aliyekuwa amebuni kalamu na kuanzisha biashara, na Waterman alikuwa akimuuzia. Holland aliitupa biashara hiyo baada ya wiki sita tu. Waterman akaiokota, akakirahisisha kipande kinachopitisha wino, mwaka 1883 akaomba hataza.

Hapo ndipo wapenzi hawa walipogawanyika. Wapo wanaosema hadithi haimdhuru mtu na kwamba kila kampuni kubwa ina ngano yake. Wengine hawataki hata kuisikia, na hoja yao ina uzito zaidi, kwa sababu ngano hiyo imemfuta Holland. Isitoshe, bado inauza. Hata leo kalamu ya Waterman iliyopauka rangi na kuchakaa huletwa sokoni ikiwa na maelezo mafupi juu ya hali yake na maelezo marefu juu ya mkataba ule wa bima, na mnunuzi mgeni hulipia vyote viwili.

Hataza haina ubishi. Ilihusu kipande cheusi kinachokaa chini ya nibu, kilichochongwa mfereji wenye nyufa tatu nyembamba ili wino ushuke taratibu huku hewa ikipanda kuchukua nafasi yake. Mwaka 1888 kampuni ilisajiliwa kwa jina la Waterman. Mwenyewe alifariki mwaka 1901, na mpwa wake, Frank D. Waterman, akaikuza hadi kuuza mamia ya maelfu ya kalamu kwa mwaka.

Cha kushangaza, kipande hicho cheusi hakuna anayekipiga picha. Fedha za wakusanyaji zinafuata nibu ya dhahabu iliyolala juu yake, hasa ile nyumbufu, na hiyo Waterman hakuibuni. Nibu za namna hiyo zilikuwapo kabla yake kwenye kalamu za kuchovya. Zilipendwa kwa sababu mwandiko wa zama hizo ulizitaka, ule wa Platt Rogers Spencer nchini Marekani na ule wa mlazo wa Kiingereza, wenye mistari ya kushuka iliyonenepa na ya kupanda iliyokonda.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuiona ukiisogeza kwenye mwanga. Nibu ina ufa katikati unaoigawa meno mawili. Ukikandamiza kidogo wakati wa kushuka, meno yanaachana na wino unajaza nafasi. Ukiinua mkono kupanda, yanarudi kukutana na mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Dhahabu yake huwa ya karati 14, yaani sehemu 58 hivi kwa 100, iliyobaki ni metali nyingine za kuipa ugumu. Nchani huchomelewa chembe ya metali ngumu ya jamii ya iridiamu, maana dhahabu peke yake ingelika kwenye karatasi.

Kalamu inayotajwa kuliko zote katika soko hili ni Waterman 52, ya mpira mgumu uliochorwa mistari ya mawimbi. Namba imegongwa chini kabisa, kwenye kitako, na wanaoifahamu huisoma kama namba ya gari: 5 ni kiwenzo cha ubavuni cha kunyonyea wino, 2 ni ukubwa wa nibu. Ikiandikwa 452, ujue imevikwa fedha. Mpira wake ulikuwa mweusi tii, lakini ukikaa juani miaka mingi hugeuka kahawia ya kijani, na asiyejua akiuloweka majini huutoa akilia.

Mwaka 1927 hivi kampuni ikaleta namba 7, iliyouzwa dola 7, ikiwa na nibu za alama za rangi ili mnunuzi achague kulingana na mkono wake. Kijani ilikuwa ngumu, bluu butu, na waridi ilikuwa nyembamba na nyumbufu, ya kufaa watu wa hati mkato na wa mwandiko wa kunenepesha. Hiyo ya waridi ndiyo inayowakosesha watu usingizi sasa. Dukani haikuwa na bei yake ya pekee: dola 7, kama wenzake.

Wakati huo unyumbufu ulikuwa umeshaanza kuhama ofisini. Biashara ilitaka nakala, na karatasi ya kaboni haipitishi herufi kama nibu inalegea. Mwaka 1920 mshindani wake, Sheaffer, akatoa nibu aliyoidhamini maisha yote ya mnunuzi, kwa dola 8.75, na kampuni ikidhamini kitu maisha yote haikifanyi laini. Shule nazo zilikuwa zikifundisha mwandiko wa Palmer, wa mstari wa unene mmoja. Parker 51 ya mwaka 1941 ilificha nibu karibu yote, ikabaki ncha tu. Oktoba 1945 bolpeni za Reynolds ziligombaniwa katika duka la Gimbels, New York, kwa dola 12.50 kila moja, na mwaka 1958 Marcel Bich, mwenye biki, akainunua Waterman ya Marekani. Mwenye kalamu ya kutupwa alimmeza mwenye kalamu ya kurithishwa. Huku kwetu waliosoma kabla ya biki kuenea bado wanakumbuka kishimo cha wino kwenye dawati, ila nibu zao zilikuwa za chuma.

Wakusanyaji walijitokeza kwa wingi baadaye, kwa minada na maonyesho ya kalamu ya Los Angeles, Chicago na Washington, lakini wengi wao walitafuta rangi na mavazi ya dhahabu. Intaneti ndiyo iliyoipandisha nibu. Video ya sekunde chache ya meno yakiachana inatosha kuongeza bei, na Waterman nyeusi ya kawaida ikaweza kuuzwa dola mia kadhaa. Nibu nyumbufu namna hiyo Wamarekani huziita tambi zilizolowa, jina lisilo na kipimo, kwa hiyo kila muuzaji hulibandika apendavyo, ingawa sehemu kubwa ya kalamu za zamani zilikuwa na nibu ngumu au za kunyumbuka kidogo.

Matokeo yake hayapendezi. Ili kupata picha ya kuvutia, muuzaji huitanua nibu kupita uwezo wake, na dhahabu iliyotanuliwa hivyo hairudi. Hubaki na mwanya wa kudumu, au hupasuka pembeni mwa tundu la kupumulia, ufa ambao huwezi kuuona bila lenzi. Wengine huzing'oa kabisa nibu, wakaziuza peke yake au kuzipachika kwenye kalamu mpya, na miili ya mpira mgumu iliyochongwa karne iliyopita ikauzwa kwa fungu kama vyuma chakavu. Kuita huko ukusanyaji ni kejeli.

Pilot na Aurora wametoa nibu laini za dhahabu miaka ya karibuni, na zipo za chuma za bei ndogo, lakini waliozoea za kale husema meno yake hayarudi upesi. Mnunuzi makini sasa haombi video. Anaomba picha ya nibu ikiwa imetulia, juu na chini, na nyingine ya namba ya kitakoni.