Bega la Shangazi: Historia Fupi ya Mimba Inayotunga Nje ya Kizazi

Nyumbani kwetu Kibenga, kusini mwa Bujumbura, kifo cha shangazi yangu husimuliwa kwa neno moja: sumu. Mwaka 1998 alishikwa na tumbo jioni, akalalamika kwamba bega linamuuma, akazimia, na kabla ya alfajiri akafariki. Jirani aliyempa chai mchana ule alinyooshewa kidole hata akahamia Rumonge. Katika insha hii nitaonyesha kwamba historia ya tiba ina maelezo mengine.

Kwanza tufuate safari ya mimba. Yai hukutana na mbegu ya kiume ndani ya mrija wa uzazi, si ndani ya kizazi. Likisharutubishwa hugawanyika huku likisukumwa taratibu, na kwenye siku ya 6 au 7 kiinitete huanza kujipandikiza katika ukuta wa kizazi. Lakini mrija ukiwa na kovu, kwa mfano la maambukizo ya zamani, kiinitete huweza kukwama na kujipandikiza humo humo. Mrija hautanuki kama kizazi. Baada ya wiki chache huweza kupasuka, damu ikajaa tumboni bila kuonekana nje. Damu hiyo ikigusa msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mgonjwa husikia maumivu begani.

Maarifa haya yalikuja polepole. Katika karne ya 10, Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, aliandika juu ya mimba ya namna hii. Gabriele Falloppio alieleza mirija ya uzazi mwaka 1561, na Karl Ernst von Baer akaeleza yai la mamalia mwaka 1827. Hata hivyo wanawake waliendelea kufa hadi mwaka 1883, pale Robert Lawson Tait alipothubutu kupasua tumbo mjini Birmingham. Mgonjwa wake wa kwanza alifariki. Wa pili akapona.

Basi shangazi alipofariki, tiba ilikuwa na umri wa miaka 115. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilikuwa vikiendelea, usiku watu waliogopa kutoka, na nyumbani hapakuwa na fedha za hospitali. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kuwa huduma za kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 yatakuwa bure. Mwaka huo huo Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha kituo cha dharura za uzazi huko Kabezi, kusini yetu kando ya ziwa, chenye magari ya kuwafuata wagonjwa.

Hata hivyo, huduma ya kujifungua humfaa anayejua kuwa ni mjamzito. Mimba ya mrijani hupasuka mapema, pengine kabla mwenyewe hajaitambua.

Siwezi kuthibitisha kilichomuua shangazi. Lakini nilipomsomea bibi maelezo haya, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Kwa hiyo bega ni damu?” Nikamjibu kwamba inawezekana. Akaniambia, “Mjukuu wangu, nitafutie namba ya yule mama wa Rumonge.”