Pijo la mjomba na foleni ya Kimara

Nimekuwa kimya wiki mbili nzima. Wadau mmeuliza niko wapi. Nilikuwa Gerezani. Msishtuke, si lile la kufuli na askari, ni Gerezani ya pale Kariakoo, kwa mafundi na wauza vipuri. Nilimsindikiza mjomba na gari lake, Peugeot 404, ambalo ukoo mzima unaliita Pijo.

Ugonjwa wa Pijo ulikuwa wa ajabu. Mjomba anatoka nalo Morogoro alfajiri, safari ya karibu kilomita 200, mshale wa joto umetulia kama umegundishwa. Chalinze, Mlandizi, Kibaha, hakuna neno. Akifika Kimara akakutana na foleni, dakika kumi tu mshale uko juu, mvuke unatoka kwenye boneti, na daladala nyuma zinampigia honi. Likikimbia ni zima, likisimama linachemsha.

Mafundi watatu walikuwa wameshaligusa. Wa kwanza alichomoa thamostati akaitupa. Wa pili akazibua rejeta. Wa tatu, kwenye gereji ambayo siitaji, akafungua injini akasema gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Hedi ikaenda kukwanguliwa, ikafungwa, akalipwa. Haikupita muda gasketi ikaungua tena, hedi ikakwanguliwa mara ya pili. Hakuna aliyeuliza iliunguzwa na nini. Mjomba akaanza kuongea na watu wa chuma chakavu.

Mimi si fundi. Lakini niliposikia bei ambayo watu wa chuma chakavu walitaka kumpa niliona uchungu, nikaanza kusoma. Na nilichokuta ni kwamba gari kuchemsha likiwa limesimama ni tatizo la zamani karibu sawa na gari lenyewe.

Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta kama hizi zetu. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakapaa kama mvuke, dereva akaongeza mengine. Yaani kuchemka ndiko kulikokuwa kupoza! Mwaka 1901 Wilhelm Maybach akaja na Mercedes ya nguvu farasi 35, yenye rejeta mfano wa sega la nyuki, vijibomba 8,070 vimepangwa pamoja ili upepo upite katikati yake. Ila upepo huo unatoka wapi? Unatoka kwenye mwendo. Gari likikimbia, hewa inajisukuma yenyewe ndani ya rejeta. Likienda polepole hakuna wa kuisukuma. Maybach aliliona hilo mapema, akaweka feni nyuma ya rejeta.

Kwa hiyo feni, tangu siku ya kwanza, ni kifaa cha foleni. Barabarani kwenye mwendo mkubwa haina kazi kubwa, sana sana inakula nguvu ya injini na kupiga kelele. Kwa miaka mingi watengenezaji walivumilia hasara hiyo. Feni ilifungwa kwenye mkanda, injini ikizunguka nayo inazunguka, utake usitake. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa hivyo, na baada ya magari kama 2,500 ya mwanzo Ford aliondoa hata pampu ya maji, akayaacha maji yapande na kushuka yenyewe kwa joto lake.

Peugeot hawakutaka hasara hiyo. 404 ilipotoka mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina, ilikuwa na feni inayojikata yenyewe. Ndani ya kitovu cha feni kuna sumaku ya umeme. Maji yakiwa na joto la kawaida, sumaku haina umeme na feni haiendeshwi na mkanda. Maji yakipanda joto, swichi inapeleka umeme, sumaku inang'ata, feni inaanza kuvuta upepo wa kweli. Umeme huo unafika kwenye kitovu kinachozunguka kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua, kama zile kaboni za kwenye starta. Nawaomba mkikumbuke hicho kipande.

Na gari hili halikuwa la barabara za lami za Paris tu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. 404 iliyashinda mara nne: 1963 na 1968 kwa mikono ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, 1966 na 1967 kwa Bert Shankland na Chris Rothwell wa kutoka hapa kwetu Tanzania. Mwaka 1968 mvua zilikuwa kali mno, magari 93 yalianza, yakamaliza 7. Sisemi feni ndiyo iliyoshinda, nisije nikachekwa. Nasema tu kwamba gari lililonasa kwenye tope, injini inanguruma na matairi yanazunguka bure, halina tofauti na gari lililoko kwenye foleni ya Kimara. Halipati upepo wowote isipokuwa wa feni.

Sasa turudi Gerezani. Tulielekezwa kwa fundi mmoja mzee, ana kibanda kidogo nyuma ya maduka ya vipuri. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Mjomba akasimulia yote, thamostati, rejeta, hedi. Mzee akauliza swali moja tu.

"Barabarani linachemsha?"

"Hapana, mzee mwenzangu. Likisimama tu."

"Basi rejeta si mgonjwa wako."

Akatueleza. Rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri hujionyesha mlimani na kwenye mwendo, injini inapofanya kazi nzito. Gari likiwa zima mbioni na kuugua kwenye sailensa, tafuta upepo kwanza. Mkanda umelegea? Haukulegea. Moto wa plagi umechelewa? Akasikiliza injini, akatikisa kichwa. Mjomba akamwambia feni inazunguka, hata mafundi wote watatu waliitazama wakasema feni nzima.

Mzee akaniangalia. "Kijana, hilo gazeti umeshalisoma?"

Nikampa (halikuwa na habari yangu siku hiyo, kwa hiyo sikuumia). Akalikunja likawa kama rungu. Injini ilikuwa imeshapata moto, mshale umepanda, feni inazunguka vizuri tu machoni petu. Akaigusa panga la feni taratibu kwa ncha ya gazeti. Feni ikasimama! Injini inanguruma, mkanda unakimbia, na feni imesimama imezuiwa na karatasi. Tafadhali asiende mtu kujaribu kwa kidole. Feni iliyong'atwa na sumaku ingelichana lile gazeti, na kidole vilevile.

Kumbe kilichokuwa kikiizungusha ni msuguano wa bearingi peke yake. Haikuwa na nguvu ya kuvuta hewa. Mzee akachukua waya, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye sumaku, bila kupitia kwenye kaboni. Tukasikia "tak!" na upepo ukatupiga usoni. Sumaku nzima. Kaboni ilikuwa imeliwa, imebaki kama punje ya mchele.

Mimi nikauliza swali langu la kiandishi: kwa nini mafundi watatu hawakulijua hili?

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike leo. Akasema baada ya vita ya Kagera, miaka ya mwanzo ya themanini, fedha za kigeni hazikuwepo na vipuri havikuonekana. Kaboni ya Pijo ungeitafuta mjini hadi uchoke. Kwenye kitovu cha feni kuna skrubu tatu za kurekebishia. Ukizikaza mpaka mwisho, feni inashikana moja kwa moja, inazunguka na injini siku zote kama ya Model T. Inakula petroli, inapiga kelele, lakini gari halichemshi. Kila Pijo lililopita mikononi mwake miaka ile alilikaza skrubu. Vijana waliokuja kujifunza kwake walizikuta feni zote zimeshakazwa. Hawakuwahi kuona inayojikata. Vipuri viliporudi, yalirudi na magari ya Kijapani, na hakukuwa na sababu ya kuwafundisha.

"Sisi ndio tuliowaficha," akasema, huku akisaga kaboni ya starta kuukuu kwenye tupa ili iingie.

Mjomba alikuwa kimya muda wote huo. Halafu akakumbuka: mwaka juzi panga moja la feni lilivunjika, akachukua feni na kitovu chake kwenye Pijo lililokufa kule Morogoro, akafunga mwenyewe uani. Ile ya zamani ilikuwa imekazwa. Hii haikuwa. Ugonjwa ulianza mwezi uleule.

Jumamosi tulilipeleka Kimara makusudi, saa kumi na moja jioni, tukakaa kwenye foleni dakika arobaini. Mshale ulipanda, tukasikia "tak", ukashuka. Mjomba alizima redio ili aisikie tena.

Watu wa chuma chakavu wameambiwa wasubiri. Ila hedi ya 404 ni ya aluminiamu, na hii imeshakwanguliwa mara mbili. Mzee ameipima, kasema haina nyama ya kukwanguliwa mara ya tatu.