Nabongo Mumia: Mfalme wa Wanga na ukoo wake

MAELFU ya wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hupita kila siku katika barabara ya Mumias South, inayokata mtaa wa Buruburu, bila kukumbuka kwamba asili ya jina hilo ni mtu. Wengi hulihusisha na sukari, kwa kuwa kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973. Lakini mji wa Mumias, ulio katika Kaunti ya Kakamega, uliitwa hivyo kutokana na Nabongo Mumia, mtawala wa ufalme wa Wanga.

Nabongo ni cheo, kama alivyo Kabaka kwa Waganda. Miongoni mwa jamii za Waluhya, Wanga ndio waliojulikana zaidi kwa kuwa na ufalme wenye kiti kimoja cha enzi. Kwingineko mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo. Kiti hicho kilirithiwa ndani ya ukoo wa Abashitsetse, na alama yake kuu ilikuwa bangili ya shaba. Masimulizi ya wazee humtaja mwasisi kuwa Wanga mwenyewe, aliyetoka upande wa Tiriki.

Mumia alitawazwa mwaka wa 1882 kumrithi babake, Shiundu. Ufalme aliourithi ulikuwa umedhoofika. Wabukusu waliusukuma kutoka kaskazini, nao Waluo wa Ugenya kutoka kusini. Isitoshe, ukoo wenyewe ulikuwa umegawanyika: Sakwa, mtawala wa tawi la Wanga Mukulu, hakumtambua Mumia kuwa mkuu wake.

Mfalme huyo alitafuta nguvu nje. Aliwategemea mashujaa wa Kimaasai waliokimbilia kwake, kisha wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, waliokuja na bunduki wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Ni kupitia kwa Waswahili hao ambapo Uislamu ulipata mizizi Mumias, na Mumia mwenyewe akasilimu.

Wazungu nao waliifuata njia hiyo ya misafara. Joseph Thomson alifika mwaka wa 1883, wakati boma hilo lilipokuwa likiitwa Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu. Askofu James Hannington alipita hapo Oktoba 1885, akauawa Busoga mwezi huohuo. Mwaka wa 1894 Waingereza waliweka kituo cha utawala hapo, na mwaka uliofuata C. W. Hobley akashika usukani.

Mwaka huo wa 1895 ndio ulioacha kovu. Wapiganaji wa Wanga waliungana na majeshi ya Waingereza kuwashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Wabukusu walishindwa na wengi wakauawa. Kwa Wanga, hiyo ilikuwa njia ya kujinusuru na adui wa siku nyingi. Kwa Wabukusu, ulikuwa usaliti.

Uhasama ulizidi pale Waingereza walipowatumia ndugu wa Mumia kutawala jamii ambazo hazikuwahi kuwa chini ya Wanga. Mulama alipewa Marama, naye Murunga akapelekwa kwa Wabukusu. Mwaka wa 1909 Mumia alitangazwa kuwa Chifu Mkuu wa Kavirondo Kaskazini. Kwa hivyo eneo lililohesabiwa kuwa lake likawa kubwa kuliko lile la mababu zake, ilhali amri ilitoka kwa mkoloni.

Nguvu iliyotolewa na mgeni ilichukuliwa na mgeni. Wanga ilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka wa 1902, ilipohamishiwa iliyokuja kuwa Kenya. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901 bila kupitia Mumias, na biashara ya misafara ikafifia. Mwaka wa 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishiwa Kakamega. Mumia alistaafishwa mwaka wa 1926, na katika miaka ya 1930 Waingereza walikataa ombi la kuwa na chifu mkuu mmoja wa Waluhya wote.

Alifariki mwaka wa 1949 akiwa mkongwe. Ukoo wake haukukoma. Cheo cha Nabongo kiliendelea kurithiwa, na kumbukumbu za wafalme huhifadhiwa katika kituo cha utamaduni huko Matungu.

Hata hivyo, hatima ya Wanga ilitofautiana na ya majirani. Uganda ilirejesha ufalme wa Buganda mwaka wa 1993, na Katiba yake ya 1995 inawatambua viongozi wa jadi. Katiba ya Kenya ya 2010 haina kifungu cha aina hiyo. Nabongo amebaki na heshima ya kimila pasipo mamlaka ya kiserikali, na swali iwapo Mumia aliwaokoa watu wake au aliwauza jirani zake lingali likijibiwa kwa namna tofauti, kutegemea anayeulizwa ni wa Mumias au wa Bungoma.